Kasomea uinjinia, sasa anataka uhasibu: je, amepotea njia?

Kuna mazungumzo yanayoingia kwenye nyumba nyingi siku hizi, hapa Chemba na kwingineko Kanda ya Kati. Familia imeuza ufuta, imeuza mbuzi, pengine na ng'ombe, ili kijana asome uhandisi. Miaka minne ya chuo imekwisha na picha ya joho iko ukutani. Halafu kijana anasema anataka kuanza kusoma uhasibu.

Mzazi anasikia kama fedha zote zimemwagika. Majirani nao wanakumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini wahandisi wanageukia uhasibu na fedha, njia yenyewe ikoje, na ina gharama gani. Jibu letu kwa ufupi ni hili: kijana huyo hajapotea, lakini kuna gharama ambayo wengi huipigia hesabu vibaya. Hisabati aliyosoma haipotei. Kinachopotea ni miaka.

Kwa nini wanahama

Sababu ya kwanza ni kwamba ujenzi una mwisho. Nchi yetu imepita kwenye kipindi cha miradi mikubwa. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilikamilisha mitambo yake yote tisa mwaka 2025. Huku kwetu, barabara ya Dodoma hadi Babati kupitia Chemba na Kondoa ni lami, na wazee wanakumbuka ilivyokuwa wakati wa masika.

Miradi ya namna hii huajiri wahandisi wengi kwa mikataba. Kazi ikikabidhiwa, mkataba nao unaisha. Wanaobaki ni wa uendeshaji na matengenezo, na hao ni wachache. Mhandisi kijana anajikuta anasubiri mradi mwingine, pengine mkoa wa mbali, huku kodi ya chumba ikiendelea kudaiwa.

Uhasibu unaonekana tofauti. Shule, zahanati, halmashauri, benki, SACCOS, AMCOS na maduka ya jumla yote yana hesabu za kutunza, mradi uwepo usiwepo. Kodi inakadiriwa kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe.

Sababu ya pili iko ndani ya ofisi. Mhandisi anachora, anapima na kusimamia. Lakini mradi upi uanze, upi usubiri na nani alipwe leo, mara nyingi huamuliwa kwenye meza ya watu wa fedha. Baada ya miaka michache kuna wanaotaka kukaa kwenye meza hiyo.

Sababu ya tatu haisemwi sana. Wapo waliopelekwa uhandisi na alama zao, si kwa kuupenda. Kijana akifaulu Fizikia, Kemia na Hisabati, jamii nzima humwambia njia ni udaktari au uinjinia. Wengine hugundua kazi wanayoipenda wakiwa tayari wana shahada mkononi.

Upande wa pili nako kuna foleni

Hapa tunaomba msikilizaji atulie kidogo, kwa sababu wengi huhama wakidhani kwenye fedha ajira zimejaa.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilitangaza nafasi za kazi 1,596. Walioomba walikuwa 135,027. Ukigawanya, kila nafasi moja iligombewa na watu wapatao 85. Si wote walikuwa wahasibu, na si nafasi zote zilikuwa za uhasibu. Lakini foleni hiyo inatuambia kwamba kazi za kodi na fedha nazo zina watu wengi mlangoni.

Mhandisi anayeingia kwenye foleni hiyo anashindana na mwenzake aliyesoma shahada ya uhasibu kwa miaka mitatu mfululizo, na ambaye huenda tayari ameanza mitihani ya bodi. Akigombea nafasi ileile kwa sifa zilezile, mhandisi yuko nyuma. Nafuu yake iko mahali pengine, kwenye kazi ambazo mhasibu wa kawaida hawezi kuzifanya peke yake. Tutafika huko.

Bodi mbili, na miaka haihamishiki

Tanzania ina bodi inayosimamia kila moja ya taaluma hizi, na kila moja ina ngazi yake.

Wahandisi wako chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Anayemaliza chuo husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka mitatu, wengi kupitia mpango wa bodi wa mafunzo kwa vitendo unaojulikana kama SEAP. Baada ya hapo ndipo anaweza kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu na kuanza kuidhinisha kazi kwa jina lake.

Wahasibu wako chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mitihani yake hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya kati. Mwenye shahada isiyo ya uhasibu, mhandisi akiwemo, huanzia ngazi ya msingi, kisha kati, kisha ya mwisho. Akifaulu yote bado anahitaji miaka mitatu ya uzoefu wa kazi ya hesabu ili asajiliwe kama mhasibu kamili mwenye cheo cha CPA.

Tuone maana yake kwa kijana wa mfano. Amemaliza uhandisi akiwa na miaka 24. Amefanya kazi ya barabara miaka miwili, sasa ana 26. Akianza mitihani na kufaulu ngazi moja kila kikao bila kurudia somo hata moja, atatumia karibu mwaka mmoja na nusu. Wanaofanya hivyo ni wale wanaopata muda wa kutosha kusoma. Anayesoma usiku baada ya kazi huchukua muda zaidi. Ongeza miaka mitatu ya uzoefu, na muda wa kumtafuta mwajiri atakayempa kazi ya hesabu mtu mwenye cheti cha uhandisi. Hapo atakuwa amevuka miaka 30.

Na ile miaka miwili aliyokaa site? Kwa ERB ilikuwa imebaki mmoja tu afikishe mitatu. Kwa NBAA, kusimamia zege si uzoefu wa hesabu. Miaka ya bodi moja haihamii nyingine kama unavyohamisha laini ya simu kwenda mtandao mwingine.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni huu: mhandisi aliyebakiza muda mfupi kukamilisha usajili wake wa ERB, na ana kazi, aumalize kwanza. Akihama akiwa mhandisi aliyesajiliwa, anahama na kitu kilichokamilika. Akihama katikati, anaacha nusu huku na kuanza na sifuri kule.

Ipo pia njia ya darasani. Vyuo kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, vina stashahada ya uzamili ya uhasibu ya mwaka mmoja kwa wenye shahada za fani nyingine. Kwa walio Kanda ya Kati, Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kina kampasi Dodoma mjini, Taasisi ya Uhasibu Tanzania iko Singida, na Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi Babati. Kila chuo kina kozi zake, hivyo uliza kabla ya kufunga safari. Darasa linasaidia kuelewa, lakini halifuti mitihani ya bodi kwa anayetaka CPA.

Anachobeba na asichonacho

Mhandisi haji mikono mitupu. Anajua kuandaa mchanganuo wa kazi na gharama, ule unaoitwa BOQ. Anajua kupima kazi iliyofanyika na kusema mkandarasi anastahili kulipwa kiasi gani. Anajua kwamba mashine ina umri, na kila mwaka inapoteza thamani. Mhasibu huliita hilo uchakavu na kuliandika kwenye vitabu. Mhandisi ameliona kwa macho kwenye mota iliyoungua.

Asichonacho ni mambo matatu. La kwanza ni sheria: ya kodi, ya makampuni, ya ununuzi wa umma. La pili ni utaratibu wa vitabu. Tanzania inafuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha tangu mwaka 2004, na viwango hivyo vinataka deni liandikwe siku lilipotokea, si siku fedha ilipotoka mfukoni. Kwa aliyezoea kuhesabu mifuko ya saruji iliyopo, hili huchukua muda kuzoeleka.

La tatu ni tabia ya kazi. Mhandisi anayesanifu daraja huongeza nguvu ya akiba: kama lori zito ni tani 30, daraja atalifanya libebe zaidi. Kukadiria kwa juu ni usalama. Kwenye fedha za watu, shilingi mia moja isiyoonekana lazima itafutwe mpaka ijulikane ilikokwenda. Na hata kama kazi imefanyika vizuri kiasi gani, mkaguzi atauliza: nani aliidhinisha, na risiti ya EFD iko wapi? Mhandisi ambaye swali hilo linamkera atateseka kwenye uhasibu.

Milango iliyo katikati

Si lazima kila mhandisi anayependa fedha awe CPA. Kuna milango iliyo katikati ya taaluma hizi mbili, na hapo miaka yake ya uhandisi inabaki na thamani.

Mlango mmoja ni ukaguzi. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, inayoongozwa na CAG, haikagui vitabu peke yake. Hukagua pia ufanisi wa miradi: barabara ina unene ulioandikwa kwenye mkataba, bomba lililolipiwa limefukiwa kweli. Kazi hiyo inahitaji mtu anayesoma mchoro na hati ya malipo kwa pamoja.

Mlango wa pili ni benki na wakopeshaji. Februari 2020 Serikali ilisaini na benki ya Standard Chartered mkopo wa dola za Marekani bilioni 1.46 kwa ajili ya vipande vya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora. Mkopo wa namna hiyo hutolewa kadiri kazi inavyokwenda. Lazima pawe na mtu anayejua kazi imefika wapi kweli na fedha iliyobaki inatosha au haitoshi.

Mlango wa tatu ni mpya zaidi. Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga, Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Hatifungani maana yake ni kwamba mwananchi au taasisi inaikopesha mamlaka fedha, nayo inalipa riba mpaka siku ya kurudisha mtaji. Ili watu wakubali kukopesha, lazima waonyeshwe mabomba yatakuwa ya urefu gani, wateja wataongezeka wangapi, maji kiasi gani yatauzwa, na fedha zitarudi lini. Nusu ya maswali hayo ni ya mhandisi, nusu ni ya mtu wa fedha. Wilaya yetu inatajwa kila mara kwenye mpango wa Bwawa la Farkwa, unaolenga kuipatia maji Dodoma na Chemba. Miradi ya ukubwa huo inahitaji watu wanaojibu pande zote mbili.

Mifano ya waliovuka ipo. Hayati Ali Mufuruki alisomea uhandisi wa mitambo Ujerumani, kisha akawa mwekezaji na mwenyekiti wa bodi ya Vodacom Tanzania. John Gachora wa Kenya alisomea uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT nchini Marekani, akaongeza shahada ya biashara, na aliongoza kundi la benki la NCBA tangu lilipoundwa mwaka 2019. Benki mojawapo iliyoungana kuunda kundi hilo, Commercial Bank of Africa, ndiyo iliyoleta huduma ya M-Pawa kwa kushirikiana na Vodacom mwaka 2014.

Hata hivyo, tusiwafanye watu hao kuwa kipimo. Walisoma kwenye vyuo vikubwa nje ya nchi, na wakapata milango ambayo kijana wa Kwamtoro au Goima hana. Tunachojifunza kwao ni kimoja tu: hawakuacha uhandisi, waliongeza fedha juu yake.

Huku vijijini inatuhusu vipi?

Inatuhusu kuliko tunavyodhani. Tuchukue maji. Tangu sheria ya mwaka 2019, miradi ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, na inaendeshwa na vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii, vinavyoitwa CBWSO. Mkandarasi akiondoka, chombo hicho ndicho kinachokusanya fedha za maji, kununua vipuri na kulipa fundi.

Pampu ikiharibika, watu husema tatizo ni la ufundi. Mara nyingine ni kweli. Lakini fundi akishaitambua hitilafu, swali linalofuata ni kama kuna fedha ya kipuri. Kama makusanyo hayakuandikwa, au bei ya ndoo ilipangwa bila kuhesabu kwamba pampu itachakaa, akina mama watarudi kuchota korongoni hata kama fundi ni hodari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hali ni hiyohiyo kwa AMCOS zinazouza ufuta kwa stakabadhi ghalani. Mzani ukiwa sahihi na daftari likawa bovu, mkulima bado atapunjwa. Na kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, taarifa ya mapato na matumizi ya darasa linalojengwa ingeeleweka zaidi kama msomaji wake angejua tofauti ya nondo na risiti ya nondo.

Hatusemi kazi hizi zina mshahara mnono. Hazina. Tunasema ni mahali ambapo kijana mwenye fani mbili anaweza kuanza kujenga uzoefu wa hesabu bila kusubiri Dar es Salaam imwite.

Deni halihami taaluma

Jambo moja la fedha lisisahaulike. Aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, bado anadaiwa hata akibadili kazi. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kama mshahara huo ni shilingi 600,000, makato ya mkopo ni 90,000 kila mwezi, kabla hajalipa ada ya mitihani, vitabu na nauli ya kwenda kusoma.

Ndiyo maana tunasisitiza miaka. Anayeacha kazi kabisa ili asome hupoteza mshahara, deni linabaki palepale, na mara nyingi ndugu wa nyumbani ndio wanaombwa kujazia. Anayesoma akiwa kazini huchelewa, lakini hali mtaji wa familia.

Kabla ya kuamua, jibuni haya

Tunashauri kijana na wazazi wakae pamoja na kujibu maswali matano.

1. Anakimbia nini, na anakimbilia nini? Kama anakimbia ukosefu wa mkataba tu, akumbuke foleni ya TRA. Kama anapenda kazi ya hesabu yenyewe, ana nguvu ya kuvumilia mitihani.

2. Amebakiza muda gani ERB? Kama ni mwaka mmoja na kazi ipo, amalize.

3. Kazi anayoitaka inadai CPA, au inadai mtu anayeelewa fedha? Asome matangazo kumi ya kazi anayoipenda na aandike sifa zinazotajwa. Hapo atajua kama anahitaji ngazi yote ya bodi au kozi ya mwaka mmoja.

4. Nani atabeba gharama wakati wa kusoma, na kwa muda gani? Jibu liwe na mwezi na kiasi. "Mungu atasaidia" ni imani njema, lakini haiwezi kulipiwa ada ya mtihani.

5. Amewahi kuifanya kazi yenyewe? Kabla ya kutoa ada, ajitolee miezi mitatu kutunza vitabu vya SACCOS, AMCOS, kikundi cha akina mama au chombo cha maji kijijini. Akichoka na risiti ndani ya miezi mitatu, atakuwa ameokoa miaka mitatu.

Pia, asitegemee maneno ya mtaani kuhusu masomo anayoweza kusamehewa. Apeleke nakala za vyeti na matokeo yake NBAA, aombe jibu kwa maandishi. Bodi hiyo ina ofisi Dodoma, na kwa wakazi wa Chemba ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Kwa wazazi, fedha mliyotoa kwa ajili ya uhandisi haikuzama. Ilimfundisha kijana kupima, kukadiria na kutokudanganya namba, na hayo yote mhasibu anayahitaji. Msimkatie tamaa, lakini pia msimpe baraka tupu. Mwombeni awaandikie kwenye karatasi moja: atasoma nini, wapi, kwa muda gani, kwa shilingi ngapi, na atakula nini wakati huo. Mtu anayetaka kutunza fedha za wengine aanze kwa kuonyesha kwamba anaweza kuhesabu za nyumbani kwake.